Nimeviozesha Vyote

Korogwe, 3 Juni 2024

Mama yangu Mwaija, shikamoo.

Usishtuke kuona karatasi. Simu nimepiga tangu juzi, inaita mpaka inachoka yenyewe. Jirani yako Mama Raheli ndiye kaniambia: "Simu ya mama yako imo humo ndani, tunaisikia mpaka huku kwetu ikiimba, ila mwenyewe haioni iko upande gani." Nikacheka mpaka wateja wakadhani nimekunywa. Mama, mtu anapoteza simu stendi, anapoteza kwenye gari, wewe umeipoteza ndani na unaisikia!

Basi barua nampa Habakuki, yule konda wa Kosta ya Handeni mwenye sauti ya mnada. Mwandiko wangu unaujua. Niliishia darasa la tano, na la tano lenyewe sikulimaliza kwa sababu mwalimu alikuwa anaumwaumwa na mimi nikamwonea huruma.

Habari kubwa ni ya mdogo wangu Yusra. Nilipita Hale kutafuta mzigo, nikamkuta mkweo Hussein anatembea kama kapanda cheo. Tumbo la Yusra linatimia Oktoba. Atajifungulia hospitali hapo Handeni, halafu anarudi kwako mpaka arobaini iishe. Mtoto wa kwanza ni wa kwa mama, hiyo haina mjadala. Kile chumba chake cha usichana kipo? Kiandae mapema, mama.

Mimi mambo mazuri. Skrepa inakwenda, vyuma chakavu havikosi mnunuzi. Hapa stendi wananiita Mkurugenzi kwa sababu nina kiti cha ofisini chenye magurudumu matatu. La nne nililiuza.

Mwanao,
Sabiri

* * *

Handeni, 10 Juni 2024

Sabiri baba, marahaba.

Barua imefika, Habakuki kaitangaza mtaa mzima kabla hajanipa. Simu nimeipata, ila sasa chaja ndiyo haionekani, kwa hiyo endelea kuandika tu. Halafu kwenye simu huwa unanikata maneno kwa vichekesho vyako. Karatasi haiwezi kunikata.

Namshukuru Mungu kwa habari ya Yusra. Chumba chake kipo, kizuri kabisa. Kuna vitu vidogo vidogo tu vya kusogeza. Mwambie asiwe na wasiwasi, chumba kipo tayari.

Wewe usije kwanza. Nina shughuli, na mwisho wa mwezi naenda Kwamsisi, mtoto wa binamu yangu anaolewa, nitakaa huko kidogo kuwasaidia kupika.

Ukiona dumu tupu hapo stendi halina mwenyewe, mpe Habakuki aniletee. Kiangazi cha huku unakijua. Na ukiona waya, hata mfupi, usiuache. Hujui utahitajika lini.

Mama yako,
Mwaija

* * *

Hale, 21 Juni 2024

Kaka Sabiri, shikamoo.

Jumamosi nilipita nyumbani bila kumwambia mama kwamba nakuja. Kaka, mlango wa chumba changu unafunguka upana wa kiganja. Niliingiza mkono nikagusa dumu. Nikapapasa, dumu lingine. Nikachungulia kwa tundu: madumu mpaka darini, masufuria yaliyotoboka, feni zisizo na mapanga, magunia yaliyojaa mifuko, viatu vya upande mmoja. Kitanda sijakiona. Nilimuuliza mama analala wapi, akasema kwenye kiti, eti mgongo wake unapenda kiti. Kumbe na chumba chake kimejaa. Anapikia nje hata kukinyesha. Chai tulikunywa uani tumesimama, kama watu wanaosubiri basi.

Nilijua anapenda vitu. Sikujua kwamba vitu ndivyo vinakaa ndani na yeye anakaa nje.

Mama mkwe wangu amenitandikia kitanda hapa, kaweka na chandarua kipya. Ni mtu mwema, sina la kumlaumu. Lakini nataka kukaa kwa mama yangu. Nataka yeye ndiye anikande maji ya moto, yeye ndiye aniite mvivu nikichelewa kuamka. Hussein anasema ikifika Oktoba na chumba hakina pa kumlaza mtoto, nazalia hapa hapa Hale, na siwezi kubishana naye, maana ni kweli mtoto hawezi kulala juu ya madumu.

Mama sijamwambia. Akisikia nazalia kwa mkwe atajua ni kwa nini, na itamuua kwa aibu.

Fanya kitu, kaka. Ila usifanye kitu cha kijinga. Nakujua.

Mdogo wako,
Yusra

* * *

Handeni, hapa hapa nyumbani kwako, 29 Juni 2024

Mama yangu, shikamoo, na pole na safari ya Kwamsisi.

Kaa kitandani usome. Ndiyo, kitandani! Hicho ulichokalia ni kitanda, mlikuwa hamjaonana siku nyingi.

Nimekuja na rafiki yangu Kaleb na kigari chake cha mizigo, kirikuu. Tumepiga tripu mpaka kirikuu ikaanza kukohoa kama mzee. Chumba chako, chumba cha Yusra, jikoni, sebule, kote kumekwisha. Nimefagia, nimepiga deki, panya wamehama na mabegi yao. Simu yako hiyo hapo mezani, na wenzake sita tuliowakuta wamelala naye.

Usihangaike kuuliza vimekwenda wapi. Vitu vyako nimeviozesha vyote, hakuna hata kimoja kilichobaki. Sasa dada akija anaingia kama waziri.

Narudi Korogwe na Kaleb, kesho nina mzigo. Nilitaka nikuone sura utakapofungua mlango, lakini nitaiona kwa barua.

Mwanao mpendwa, sasa hivi mpendwa zaidi,
Sabiri

* * *

Handeni, 3 Julai 2024

Sabiri,

Nimerudi. Nimeisoma.

Vitu vyangu umeviozesha. Umeandika mwenyewe kwa mkono wako, na umeandika huku unacheka.

Hicho kitanda sikukilalia.

Usije mpaka nikuite.

Mwaija binti Mbwana

* * *

Hale, 4 Agosti 2024

Kaka, shikamoo.

Nilikuandikia usifanye kitu cha kijinga. Niliandika kabisa.

Chumba kimejaa tena. Safari hii hata mkono hauingii. Ameazima toroli, anazunguka sokoni na nyuma ya magereji, linarudi limejaa mpaka linamwaga njiani. Sokoni kuna watu wanamcheka waziwazi. Mama Raheli anasema chakula anachokula ni kidogo kama cha kuku.

Nilikaa naye uani. Hakukutaja jina. Aliniuliza swali moja tu: "Hivi kaka yako alichimba shimo wapi?"

Nikamwambia, "Shimo gani, mama?"

"La kuozeshea vitu vyangu. Si kasema mwenyewe kaviozesha. Kama alitaka vioze, si angeniambia tu."

Kaka, uliandika nini kwenye hiyo barua? Mama anaamini umevifukia mahali vyote vikaoza, halafu ukamwandikia kumcheka.

Juzi kliniki nilipimwa presha, mkunga akaniuliza nina mawazo gani, nikaanza kulia. Nikamwambia yote. Nilidhani mama ni yeye peke yake duniani. Mkunga akasema hapana, wapo, ni ugonjwa unaojulikana na una matibabu. Akasema Handeni yupo muuguzi wa afya ya akili, anaitwa Grasiana, anajua kuongea na watu wa hivyo. Mimi na tumbo hili siwezi kuzunguka. Nenda wewe. Na ukifika, kwa heshima zote, usimfanyie vichekesho.

Mdogo wako,
Yusra

* * *

Korogwe, 15 Agosti 2024

Mama yangu, shikamoo.

Hujaniita, kwa hiyo sijaja. Handeni nimefika, lakini nimeishia hospitali. Nyumbani sikukanyaga, muulize Habakuki.

Kwanza lile neno. Mama, mimi nilimaanisha kuozesha kwa ndoa! Kama mtu anavyomwozesha binti. Ulikuwa utani kwamba kila kitu chako kimepata mume. Sikuchimba shimo lolote. Birika kubwa liko kwa Yusta anayeuza uji hapa stendi, kila asubuhi linatoa moshi. Madumu mengi yako kwa mafundi wanaojenga. Feni fundi kazichomoa vifaa. Vilivyobaki vilikwenda kwenye mzani wa chuma chakavu, hapo sikufichi, na vile havirudi.

Sasa kuhusu hospitali. Yusra kasikia kliniki kwamba yupo muuguzi anaitwa Grasiana. Nikaingia kwa mbwembwe, nikasema, "Sista, mama yangu ana vitu vingi, naomba dawa." Akaniuliza, "Na wewe unafanya kazi gani?" Nikamwambia skrepa. Alicheka mpaka akashika meza. "Kumbe ukoo mzima mnakusanya," akasema, "ila wewe una mahali pa kuuzia."

Halafu akanieleza taratibu, na mimi wa darasa la tano nikaelewa. Siyo uchafu, mama. Siyo uvivu. Wala siyo jini wala mkono wa mtu. Ni ugonjwa, kama presha ilivyo ugonjwa, na mtu hajichagulii presha. Mimi nikishika dumu bovu naona dumu bovu. Wewe ukilishika unaona siku litakapohitajika, na kuliacha kunakuuma kama kumwacha mtoto barabarani. Nikamuuliza sasa dawa si kutoa vitu? Akasema hiyo ndiyo sumu. Anayekuja kubeba vitu kwa nguvu mgonjwa hayupo anaufanya ugonjwa uote mizizi, maana mgonjwa anajifunza kwamba vitu huwa vinachukuliwa, basi anakusanya zaidi. Vitoke kwa mkono wako, kwa uamuzi wako, kidogo kidogo, na ile hofu uisikie mpaka ipungue yenyewe.

Hapo kichekesho kilichokuwa mdomoni nilikimeza, mama. Grasiana akaniuliza kama nahitaji maji.

Nisamehe. Mimi nilikuwa naona chumba cha Yusra tu, wewe sikukuona.

Anaomba aje kwako mkae mzungumze. Amesema hatashika kitu chochote. Ukikataa, haji.

Mwanao,
Sabiri

* * *

Handeni, 24 Agosti 2024

Sabiri baba,

Huyo Grasiana alikuja. Mlangoni hakuvuka. Alikaa uani, akanywa chai, akasifu tangawizi, akaondoka. Nilimsubiri aseme "hivi vyote vya nini," hakusema. Alipokuja mara ya pili nikamkaribisha ndani mwenyewe. Alipita kiubavu kama kaa.

Nimemwambia kitu ambacho nyie sijawahi kuwaambia. Baba yenu alipofariki, wewe unatambaa na Yusra yuko tumboni, ndugu zake walikuja baada ya matanga na mkokoteni. Walibeba kitanda, baiskeli, mapipa ya maji, viti. Walibeba mpaka birika likiwa na chai, wakaimwaga pale mlangoni ili lisiwalemee. Na mimi niko eda, nimekaa chini, nawatazama, siwezi hata kutoka kwenda kugombana. Sasa niliporudi Kwamsisi, nikafungua mlango, nikasikia nyumba inatoa mwangwi, nilirudi siku ile ile, nikakaa chini palepale. Hukujua, baba. Ungejuaje?

Grasiana anasema si hilo tu lililoleta ugonjwa. Wapo walioporwa na hawakusanyi, na wapo wanaokusanya hawajawahi kuporwa. Lakini anasema ni vizuri nimelisema.

Sasa nije kwenye neno lako. Kuozesha kwa ndoa. Niliposoma nilicheka peke yangu, Mama Raheli akachungulia ukutani. Halafu nikakasirika upya. Uliona wapi mtu anaozesha mabinti mama yao hana habari? Nani alikuja kuposa? Nani alinipa mkaja? Hapo hukuozesha, baba. Hapo ulitorosha.

Kama unataka kuozesha, fuata taratibu. Anayetaka kitu changu ajitaje ni nani, anakaa wapi, atakifanyia nini. Wewe ndiye mshenga. Mimi ndiye mwenye kujibu, na nikisema hapana ni hapana. Mkaja wangu ni maji: anayeposa dumu, aje kwanza na maji, anijazie pipa, ndipo aondoke na bibi harusi.

Nilimwambia Grasiana hayo nikijua atanicheka. Akaweka kikombe chini. "Mama Sabiri," akasema, "mimi nilikuja na mipango yangu, lakini huu wako ni mzuri zaidi, tuufuate." Akaongeza sharti lake moja: mabinti wakianza kuolewa, hakuna binti mpya kuingia nyumbani. Hilo ndilo gumu. La kutoa naliweza nikikaza meno. La kupita barabarani nikauacha waya umelala pale chini, hilo bado.

Nimeshakusamehe, lakini usije bado. Lete posa.

Mama yako,
Mwaija

* * *

Korogwe, 1 Septemba 2024

Kwa mzazi wa mabinti, Bi Mwaija, shikamoo sana.

Mimi mshenga Sabiri nimevaa shati la kuchomekea, nimekaa kwenye kiti changu cha magurudumu matatu, naandika kwa adabu. Sifa za nyumba yako zimefika mbali. Huku wameshasikia kwamba una mabinti wengi, wanene, wa njano, wanaobeba lita ishirini bila kulalamika.

Anaposa kwanza fundi Ernesti, mjenzi, Mshambaa wa kule milimani. Ni Mkristo lakini kasema kwenye madumu hana ubaguzi. Kapata kazi ya kujenga hapo Handeni na anahitaji ya kubebea maji ya zege. Nimemuuliza kama ana mke mwingine, akakiri ana ndoo mbili, tena zimezeeka. Nikaona ni mkweli.

Yupo pia mama lishe mmoja anaitwa Elina. Huyo anataka masufuria makubwa, hata yaliyotoboka, kaka yake anaziba. Halafu mwalimu wa shule ya msingi ya jirani na kwako anaulizia makopo, apandie miche ya miti na wanafunzi. Nilimwambia mama hapendi mtu anayechukua kitu halafu hakitumii. Akaapa.

Na mimi mwenyewe, mama, kwa unyenyekevu, naposa nyaya za shaba. Najua utasema kuoana ndugu si vizuri.

Viatu vya upande mmoja bado sijavipatia mchumba. Nimeulizia mpaka nimefukuzwa dukani.

Mshenga wako mwaminifu,
Sabiri

* * *

Handeni, 13 Septemba 2024

Mshenga, marahaba.

Ernesti nimemkubalia. Alikuja na maji, akajaza pipa, akavua kofia mbele ya madumu. Yule kalelewa. Elina nimempa masufuria, ila moja lenye mpini mmoja nimemnyima. Akauliza kwa nini. Nikamwambia binti huyo bado anasoma.

Makopo ndiyo yalinitesa. Mwalimu kayakumbatia, anatoka nayo, nikapiga kelele, "Simama!" Akasimama. Grasiana alikuwepo. Akaniuliza, "Hofu iko wapi sasa hivi?" Nikamwonyesha hapa shingoni. Akasema basi tukae tu, tusifanye kitu, tuone inaelekea wapi. Tukakaa wote watatu, mwalimu na makopo yake mapajani kama mtu aliyepakata watoto. Ikapanda, baba, nikaona ndiyo nakufa na nakufa kwa ajili ya makopo ya maziwa. Halafu ikaanza kushuka. Ilishuka kama maji kwenye mchanga, hujui imeingilia wapi. Nikamwambia mwalimu, "Nenda, mwanangu, ukapande."

Posa yako ya nyaya imekataliwa. Familia ya mwoaji siiamini.

Juzi nimeanguka. Nilipita nyuma ya gereji nikaona mlango wa friji umetupwa, mweupe, mzima. Niliubeba kichwani mpaka nyumbani, watu wananipisha njia. Nilimwambia Grasiana mwenyewe kabla hajauona. Hakunigombeza. Akasema kuanguka kumo ndani ya kupona. Mlango uko uani, umeegemea ukuta, tunatazamana.

Kitanda cha Yusra sasa nimekiona miguu miwili. Miwili bado. Na mimi niliwaambia chumba kipo tayari, Sabiri. Niliandika kwa mkono huu huu. Sijui nimwambieje.

Mama yako,
Mwaija

* * *

Handeni, 26 Septemba 2024

Yusra mwanangu,

Nilisema chumba chako kipo tayari. Hakikuwa tayari. Nilikuwa naona aibu, na nilidhani nikisema hivyo kitakuwa.

Najua ulikuja ukaingiza mkono mlangoni. Nilikuta alama za vidole vyako kwenye vumbi la dumu. Hukuniambia, na mimi sikukuambia kwamba nimeziona. Tumefichana wote wawili.

Sasa hali ni hii, nakueleza kama ilivyo. Mlango unafunguka wote. Kitanda kinaonekana chote, nimekilalia mwenyewe kukijaribu, kinafaa. Upande wa dirishani sijafika, vitu vimepanda mpaka juu, mwanga hauingii. Sebuleni usitazame, pita tu. Kule kutachukua muda na nimeshaacha kujidanganya.

Njoo na mumeo uone kwa macho. Ukiona hapamfai mtoto, kazalie kwa mkweo, nami nitapanda gari nije kukukanda huko huko Hale. Sitanuna. Namshukuru yule mama kwa kitanda chake.

Lakini ukiona panafaa, usimsikilize mtu.

Mama yako,
Mwaija

* * *

Handeni, 22 Oktoba 2024

Sabiri baba,

Umekuwa mjomba. Msichana. Alizaliwa hospitali juzi, tumerudi naye nyumbani jana. Jina tutalitaja Ijumaa, baba yake anatembea huku analitamka peke yake.

Nikueleze ilivyokuwa, maana Yusra anasema hajakuandikia. Alikuja wiki ile ya kwanza ya mwezi, na Hussein nyuma yake kama askari. Akaingia chumbani. Akakaa kitandani, akapapasa godoro. Nikasubiri. Akasema, "Mama, panatosha. Ila nataka dirisha. Nataka upepo."

Hussein akatazama ule upande, akatazama saa. Nikajua anahesabu magari ya kurudi Hale.

Mshenga, pale hapakuwa na muda wa posa. Nilifunga kanga kiunoni. Nikawaambia: nyie simameni mlangoni, msiguse kitu, kila kitu kitapita mkononi kwangu kwanza. Nikaanza kutoa. Kimoja namkabidhi Hussein, kimoja Mama Raheli aliyekuja kuchungulia. Vingine nilisema huyu apelekwe kwa Ernesti, huyu kwa Elina. Lakini vingine, baba, vilikuwa vimekwisha kabisa. Mifuko imeshikana, nguo zimeliwa na mchwa, vile viatu. Nilivishika nikavitazama. Hakuna wa kuviposa. Hofu ikapanda, nikakaa chini, wakaningojea. Hussein alikuja akakaa chini na mimi, na ndiyo siku niliyompenda yule kijana. Nilipoinuka nikasema, "Hivi vikaoze tu." Nikavipeleka shimoni mwenyewe, na sikuangalia nyuma. Kwa kweli niliangalia mara moja.

Jioni dirisha likafunguka. Lilikuwa limevimba, Hussein akalipiga teke. Yusra akalala palepale kwenye jua la jioni, akakoroma.

Usidhani mama yako kapona. Sebule imejaa. Mlango wa friji bado uko uani. Grasiana anakuja kila wiki, anasema ni safari ndefu na kuna siku nitarudi nyuma, nisihesabu hiyo kuwa ni mwisho. Na wageni wa mzazi ndio mtihani mwingine, kila anayeingia analeta beseni! Nimepokea mawili, la tatu nikamrudishia mwenyewe nikamwambia asante, nimeona moyo wako, beseni nenda nalo. Mama Raheli kaninunia, la tatu lilikuwa lake. Yusra alicheka mpaka nikamwambia aache, nyuzi zitamfumuka.

Sasa nakuita. Njoo. Kuna mahali pa kukaa, pa kuweka miguu, na ukitaka kulala utalala umenyooka. Ila nakuomba kitu kimoja, najua ni kigumu kwako na watu watakusema. Njoo mikono mitupu. Usilete beseni, usilete dumu, usilete kile ambacho hapo ulipo unakifikiria ndiyo kizuri kuliko vyote. Nataka wewe tu uingie mlangoni.

Mama yako,
Mwaija

* * *

Korogwe, stendi, 24 Oktoba 2024

Mama yangu, shikamoo, na mzazi mwambie kaka anamsalimia.

Kosta ya Habakuki imejaa mpaka mlangoni, kwa hiyo barua inapanda, mimi nangoja gari linalofuata.

Mama, unajua ulichoniomba? Mikono mitupu! Mimi tangu nimekuwa na akili sijawahi kuingia kwa mtu bila mzigo. Nimefika hapa stendi, cha kwanza nikanunua beseni la pinki lenye maua. Nikakumbuka, nikamrudishia muuzaji. Nikanunua fulana za mtoto, nikarudisha. Nikashika mkungu wa ndizi, nikauweka chini, mwenye ndizi akaniuliza, "Mkurugenzi, leo umeamkaje?" Nikamwambia naenda kumwona mtoto wa dada yangu. Akasema, "Hivi hivi?" Nikasema hivi hivi. Kanitazama kama mtu aliyesahau suruali.

Na sasa sijui mikono niiweke wapi. Nikiitia mfukoni naonekana mwizi. Nikiiweka nyuma naonekana mwalimu mkuu. Nimejaribu kuikunja kifuani, mtu mmoja kaniomba radhi. Mwisho nimeiacha hivi mbele, imefunguka.

Nikifika tu, kabla ya salamu, kabla ya maji ya kunywa, nipeni huyo mtoto.

Mwanao,
Sabiri